Mandazi ya viazi lishe hapa Busia: shajara ya mradi tangu Julai 2023

Hii naiweka kwa ajili ya vikundi vingine vinavyotuuliza resipi, maana nikimpa mtu resipi peke yake bila hii habari nyingine najua atarudi kunitukana. Sisi ni kikundi cha akina mama tunaokaanga na kuoka hapa Busia upande wa Uganda, tunauza stendi, shuleni, na kwa maduka ya mtaa wa Sofia. Oveni yetu ni ya matofali, karai ni za kawaida, mixa hatuna. Nitaongeza kipande kila hatua ikiisha, na bei zote ni shilingi za Uganda.

Julai 2023: tulivyoanza

Tangu vita vya Ukraine 2022 unga wa ngano umetusumbua. Uganda ngano inalimwa kidogo tu, hasa huko Kapchorwa na Bukwo kwenye mlima Elgon, nyingi inatoka nje, so meli ikikwama huko baharini mandazi yanapungua ukubwa hapa Busia. Gunia la kilo 50 saa hii tunanunua 195,000.

Akaja binti mmoja anasoma digrii ya pili ya teknolojia ya chakula kwenye chuo kimoja cha Kampala, utafiti wake ni kuweka viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ndivyo hivyo viazi lishe, badala ya sehemu ya ngano. Kwenye labu yao imeshafanya kazi, alitaka kuona kama itafanya kazi kwa watu wa karai. Tukamwambia karibu, lakini hasara tunagawana. Alikubali kulipia viazi vya mwanzo, sisi tukatoa unga, mafuta na moto.

Viazi vyenyewe si vigeni. Mkulima wetu yuko Bukedea na alipata mbegu ya kwanza wakati ule mradi wa HarvestPlus, wa mazao yenye lishe zaidi, ulikuwa unagawa marando Bukedea, Kamuli na Mukono kati ya 2007 na 2009. Analima Ejumula na Kabode, hiyo ya pili ndiyo NASPOT 10 O iliyotoka kituo cha utafiti cha Namulonge mwaka 2007. Kwa hiyo chuo na serikali walishafanya kazi yao kitambo, shamba limejaa, ila kiazi kikitoka shambani kinachemshwa na kuliwa basi. Hapo katikati ya shamba na duka ndio palikuwa hapana mtu.

Matumizi ya mwanzo: mizani ya dijitali 70,000, gunia la viazi 55,000 shambani na 15,000 ya gari mpaka hapa.

Agosti 2023: unga wa viazi, tumeachana nao

Tulianza na unga kwa sababu unga ni rahisi kufikiria, unachanganya na ngano unaendelea. Wateso wanakausha viazi vyao miaka yote, amukeke ni vile vipande, inginyo ni vile vya kupondwa, wanapika atapa, ule ugali wao. Tukasema tukate nyembamba, tuanike, tusage.

Kukausha hakukuwa tatizo sana ukiacha mvua za Agosti. Tatizo ni hesabu. Kiazi kibichi ni maji matupu, ukitoa maganda na vilivyooza unahitaji kama kilo 4 na nusu upate kilo moja ya unga. Viazi peke yake hapo ni 3,150, weka kusaga, weka mtu wa kumenya siku nzima, unafika 4,300 kwa kilo na ngano ni 3,900. Yaani tunahangaika juani ili tupate kitu ghali kuliko kile tunakikimbia.

Na rangi. Binti alitueleza kitu sikukijua, kwamba utafiti uliofanyika hapa hapa Uganda ulikuta kinachomaliza karotini zaidi (ile rangi ya chungwa ambayo mwili unaigeuza vitamini A) si kule kuanika, ni kuhifadhi. Ukiacha huo unga miezi minne kwenye joto la kawaida zaidi ya nusu imeenda. Sisi tulikuwa na mpango wa kusaga mwingi wakati viazi ni bei rahisi tuweke mpaka Aprili, so ule mpango wote ulikuwa wa kuhifadhi unga usio na kile kitu tunautafutia. Tuliacha. Unga uliobaki tulipikia uji, watoto walimaliza.

Oktoba 2023: rojo, na vita vya maji

Njia ya pili ni kupika viazi, kuponda, na kutia rojo kwenye unga moja kwa moja. Kenya walishaenda hiyo njia, supamaketi ya Tuskys iliwahi kuoka mkate wa hivyo Nairobi. Resipi ya chuo ilisema toa asilimia 40 ya ngano weka rojo. Kwa hiyo badala ya kilo 10 za ngano, 6 za ngano na 4 za rojo.

Karai la kwanza lilikuwa uji. Yule mama anayekanda alitia maji yake ya siku zote, lita 5, donge likawa la kumwagika. Siku nyingine tukapunguza maji, likawa sawa. Tukaandika kipimo ukutani kwa chaki, gunia lililofuata kipimo kile kile likawa tena linanata mpaka mikono haitoki. Mandazi yakanyonya mafuta, nje meusi ndani mabichi, mtoto wa shule akaliminya likatoa mafuta kama sifongo.

Nilimpigia binti. Akauliza, "Mama, lile gunia lilikuwa Kabode au Ejumula?" Nikamwambia gunia ni gunia, mkulima anachanganya. Akacheka alafu akasema hapo ndipo penye shida. Ejumula ni kavu, ina unga mwingi ndani, Kabode ina maji zaidi. Kwenye labu yao walitumia aina moja, shamba moja, wiki moja. Sisi tunapata mchanganyiko, na mvua ikinyesha kabla ya kuvuna kinabadilika tena.

Dawa ikawa kupima maji ya rojo lenyewe na haigharimu kitu. Pima gramu 100 za rojo, tandaza nyembamba kwenye sahani ya bati, ingiza kwenye oveni usiku ukishatoa mikate, lile joto la kubaki linatosha. Asubuhi pima tena, kama bado ni laini katikati rudisha. Ikibaki gramu 25 basi rojo lako ni maji asilimia 75, yaani kilo 4 zinakuja na lita 3 za maji tayari ndani. Sisi tumepata kutoka 68 mpaka 77. Kwa kilo 4 hiyo tofauti ni karibu theluthi ya lita, na theluthi ya lita inatosha kuharibu donge. Sasa hivi kila gunia linapimwa kabla ya kukanda, na mkulima anaweka alama ya kamba nyekundu kwa Ejumula.

Vitu vingine viwili vya rojo. Tulikuwa tunajaza sufuria kubwa viazi vizima na maji baridi tunawasha, inachemka polepole. Rojo linatoka tamu sana na jepesi. Kumbe ndani ya kiazi kuna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari, na kinafanya kazi sana kikiwa moto wa wastani, kama nyuzi 60 mpaka 75. Ukikipasha polepole unakipa muda. Sasa tunakata vipande, tunapika kwa mvuke juu ya maji ambayo tayari yanachemka, rojo linatoka zito. Na hiyo sukari ndiyo ilikuwa inachoma mandazi nje kabla ndani hakujaiva. Tulinunua kipimajoto cha mafuta 45,000, tukashusha kutoka 185 hivi mpaka 170, na sukari ya kutia tukapunguza kutoka kilo moja na nusu mpaka nusu kilo. Donge lililo kavu kidogo pia halinywi mafuta.

Novemba 2023: hesabu ya karai

Hapa naomba usome polepole maana ndiyo sababu ya kuandika shajara yote.

Ripoti ya binti ilisema tumepunguza ngano kwa asilimia 40, na kwa kilo za unga ni kweli. Yule mwenzetu anayeshika pesa akasema mbona sasa kila siku mandazi yanaisha mapema na wateja hawajaongezeka? Tukakaa chini tukahesabu mandazi.

Karai la zamani: ngano kilo 10, maji lita 5, sukari kilo moja na nusu. Donge kilo 16 na nusu, ukikata la gramu 60 unapata mandazi 275. Ngano 39,000, sukari 7,500, jumla 46,500. Kila moja 169.

Karai jipya: ngano kilo 6, rojo kilo 4, maji nusu lita, sukari nusu kilo. Donge kilo 11. Mandazi 183. Ngano 23,400, rojo 5,000 ukiweka kuni na kumenya (tunalipiga 1,250 kwa kilo), sukari 2,500, jumla 30,900. Kila moja, 169.

Sawa kabisa! Tulirudia tukidhani kalkuleta imekosea. Kumbe rojo linaingia mahali pa ngano lakini linafukuza na maji pia, na maji ya bomba ndiyo kitu tulikuwa tunauza kwa bei nzuri bila kujua. Ukitazama ngano kwa kila andazi, zamani ilikuwa gramu 36, sasa 33. Ile 40 ya kwenye karatasi ikawa 10 kwenye karai. Na hata huko kulingana kumetokana na kupunguza sukari, kwa rojo hatukuokoa hata shilingi.

Binti hakukasirika, namsifu kwa hilo. Alisema kwenye masomo wanapima kwa uzito wa unga kwa sababu ndivyo watu wa mikate wanaandika resipi dunia nzima, unga ni mia na vingine vyote ni sehemu ya unga. Ni sawa ukiwa unalinganisha mkate na mkate. Lakini mimi siuzi unga. Akarudi akaandika upya jedwali lake la gharama kwa idadi ya mandazi, na msimamizi wake alimuuliza maswali mengi kuliko tulivyomuuliza sisi.

Sasa faida iko wapi, maana hatukuacha. Iko kwa kesho yake. Andazi la ngano tupu kesho yake asubuhi ni jiwe, tulikuwa tunauza nusu bei au tunarudishiwa na maduka. Hili la viazi kesho yake bado ni laini, rojo linashika maji. Marudio yalipungua sana, na hapo ndipo pesa ilionekana. Kama eneo lako unamaliza kila kitu siku hiyo hiyo basi kwa upande wa pesa sioni kitu kikubwa utakachopata, nakwambia ukweli.

Januari 2024: banzi za paketi na ukungu

Ule ulaini una upande wa pili. Kwa kuwa yanabaki na unyevu tukafikiria banzi za kuoka, kwenye paketi, za maduka. Siku ya tatu zikaota manyoya ya kijani, kwenye Krismasi, wakati duka limejaa. Tulirudishiwa zote na tukalipa.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza unyevu wenyewe, hiyo haikwepeki. Ya pili ni haraka, tulikuwa tunafunga zikiwa vuguvugu, mvuke unakaa ndani ya kavera, ule mfuko wa plastiki, unageuka matone. Sasa zinapoa kwenye waya masaa matatu, chumba ambacho hakimenyewi viazi, kwa sababu udongo wa viazi unabeba vijidudu vya ukungu. Tukaongeza kalsiamu propionati, dawa ya kuzuia ukungu, gramu 3 kwa kila kilo ya ngano, hiyo ni ya kawaida kwa mikate na ndiyo mwisho, usizidishe, na siki vijiko viwili kwa kilo 6. Zinafika siku ya tano. Waya tulitengenezewa na fundi wa hapa kwa 120,000, propionati binti alituletea kutoka Kampala.

Machi 2024: uchungu

Kiangazi ardhi ya Teso, huko kwa mkulima wetu, inapasuka, fukusi wa viazi anaingia kwenye nyufa. Tulipokea magunia yenye matundu, tukakata sehemu mbovu tukapika iliyobaki kama mtu anavyofanya nyumbani. Mandazi yote yakawa na uchungu wa ajabu, unaukuta nyuma ya ulimi. Shule moja ilisimamisha oda.

Kiazi kikiliwa na fukusi kinatengeneza sumu yake ya kujikinga, na ile ladha inasambaa mpaka sehemu unayoona ni safi. Kupika hakuitoi. Kwa hiyo siku hizi kiazi chenye tundu hata moja kinatupwa kizima, hakikatwi, na tunapima kilichotupwa tunamkata mkulima nusu yake kwenye malipo. Alinung'unika mwanzoni, sasa anapandishia udongo kwenye matuta mapema na anavuna kabla ardhi haijakauka sana. Shule ilirudi muhula uliofuata, na oda ndogo.

Mei 2024: viazi hakuna

Gunia lilifika 130,000, na gari juu yake. Rudia ile hesabu ya Novemba utaona tunakaanga hasara. Friza ya kuazima tuliijaza rojo mwezi wa pili, pakiti bapa za kilo 4, ilikuwa nzuri mpaka stima ikapotea wikendi nzima. Hatujajaribu tena friza.

Watafiti wa CIP, kile kituo cha kimataifa cha viazi, wanahifadhi rojo bila friji kwa kutia potasiamu sorbati, sodiamu benzoati na asidi ya sitriki alafu wanafunga bila hewa. Inafanya kazi, lakini inataka mashine ya kutoa hewa na mtu wa kupima kila mara, kikundi chetu hakiko hapo. Tuliamua mwezi wa tano turudi kwa ngano tupu na kuwaambia wateja wazi. Wengi waliuliza, "Yale ya njano yanarudi lini?" Hiyo ilitupa moyo kuliko ripoti yoyote.

Kilichosaidia zaidi kimetoka shambani. Kuna njia inaitwa Triple S, unahifadhi viazi vidogo vizima kwenye mchanga mkavu kiangazi, vinachipua, mvua ikianza unapanda marando yako mwenyewe badala ya kusubiri kutafuta. Mkulima alikuwa anapanda Mei kwa sababu hana marando Machi. Sasa ana beseni mbili za mchanga chini ya ghala.

Septemba 2024: "mmetia rangi"

Wateja wapya, hasa wa upande wa Kenya wanaovuka asubuhi, walikuwa wanasema hii njano ni ya kutia. Maelezo hayakusaidia. Yule binti wa mezani, mwenyewe bila kuambiwa, akakata kiazi kibichi katikati akakiweka juu ya kioo karibu na mandazi, kila masaa mawili anakata kipya kwa sababu kinanyauka. Maswali yaliisha.

Lebo ya banzi tulikuwa tumeandika "Vitamini A kwa macho ya mtoto". Binti wa chuo alituambia toa. Ni kweli kiazi kina karotini nyingi, gramu 125 za viazi vibichi vya aina hizi zinatosha mtoto mdogo kwa siku, lakini banzi letu lina rojo kidogo, limepita kwenye oveni, na hatujapima kilichobaki. Huwezi kuuza hesabu ya kiazi kwa bei ya banzi. Sasa lebo inasema tu "Ngano na viazi lishe" na asilimia. Lebo mpya 85,000, za zamani tumezifanya kibandiko cha madaftari ya watoto.

Januari 2025: tulipo sasa

Karai la sasa ni ngano kilo 7, rojo kilo 3, maji kulingana na sahani ya usiku, sukari nusu kilo na robo. Tulishuka kutoka 40 mpaka 30 kwa sababu donge linavumilia zaidi gunia likibadilika, na rangi bado inaonekana. Gunia likipita 90,000 tunaacha viazi mpaka lishuke, hiyo sheria imeandikwa ukutani na hakuna ruhusa ya huruma.

Banzi za paketi zinasubiri alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, ndiyo supamaketi ifungue mlango. Tunajenga ukuta wa kutenga pa kumenya na pa kufungia, matofali na saruji mpaka leo 640,000 na paa bado. Binti amemaliza digrii, ameajiriwa, lakini amemtuma mwanafunzi mwingine, kijana, anataka kupima karotini kwenye banzi siku ya kwanza na siku ya tano. Tumemwambia alete na pesa ya banzi atakazochukua, na ahesabu kwa banzi.